Kenya ya Lubumbashi: historia ya familia inabaki ndani ya kasha na mdomoni mwa wazee

Kilio kinapowekwa katika parseli moja ya komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, inafika saa ambapo nyimbo zinanyamaza na mmoja wa jamaa anasimama na karatasi mkononi. Anasoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, alifika mjini mwaka gani, alifanya kazi kwa nani, aliacha watoto wangapi. Kwa dakika chache, watu walioketi kwenye viti vya plastiki wanasikia historia ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia. Hata watoto wa marehemu wanatazamana. Kisha karatasi inakunjwa, maiti inapelekwa makaburini, na mara nyingi karatasi ile haionekani tena.

Kenya ni moja ya komini 7 za Lubumbashi, pamoja na Kamalondo, Katuba, Ruashi, Kampemba, komini ya Lubumbashi yenyewe na Annexe. Watu wanaijua kwa soko lake kubwa, kwa uwanja wa mpira wa Kibassa Maliba na kwa kelele yake isiyolala. Wachache wanaijua kama mahali pa historia. Lakini ndani ya parseli zake wanaishi wajukuu na vitukuu vya watu waliojenga mji huu kwa mikono yao: wafanyakazi wa shaba, watu wa reli, makarani, maseremala, wapishi wa Wazungu, wamama wa soko. Historia ya watu hao haikuandikwa sana. Iko vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Katika inchi zingine mambo ni tofauti. Uingereza, mwaka wa 1538, serikali ya mfalme iliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Kuanzia 1801, raia wanahesabiwa karibu kila miaka 10, na tangu 1841 karatasi za hesabu hiyo zinahifadhiwa na majina ya watu. Ndiyo maana leo mkulima wa kijiji kidogo kando ya mto kule Uingereza anaweza kufuata jamaa yake nyuma kwa miaka 400, bila kutoka parokia yake. Kongo, hesabu kamili ya raia ilifanyika mara ya mwisho mwaka wa 1984. Kadi ya uchaguzi ndiyo inayotumika kama kitambulisho. Mtu wa Kenya anayetaka kumjua babu wa babu yake anapaswa kutafuta kwa njia nyingine.

Mji uliozaliwa na reli

Wakaaji wengi wa Kenya wana jibu moja wanapoulizwa bankambo wao walifikaje: "Walikuja na kazi." Jibu hilo ni fupi, lakini ni la kweli.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910, Wabelgiji walichagua uwanda ulio karibu na mto Lubumbashi, si mbali na mgodi wa Étoile ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Émile Wangermée, aliyeongoza Katanga wakati huo, ndiye aliyesimamia kuanzishwa kwa mji. Ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji, Élisabethville. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, reli kutoka Rhodesia ilifika. Mwaka wa 1911 tanuru la kuyeyusha shaba lilianza kazi kando ya mto.

Shaba ilikuwepo, reli ilikuwepo, lakini watu wa kufanya kazi hawakutosha. Mwaka wa 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta wafanyakazi. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine walitoka Luapula, Lomami, Kasai, Maniema, na baadaye Rwanda na Burundi. Union Minière yenyewe watu waliiita Changa-Changa, kwa sababu ilichanga watu wa kila kabila na kuwaweka mahali pamoja.

Mwanzoni mfanyakazi alikuja peke yake kwa miezi michache, kisha akarudi kijijini, kama ugonjwa haukumuua. Kuanzia karibu mwaka wa 1928, kampuni ilibadili mpango. Ilitaka mwanaume aje na mke wake, akae miaka mingi, azae watoto ambao nao watakuwa wafanyakazi. Ikajenga kambi, hospitali za kuzalia na shule zilizoongozwa na wamisionari. Kila juma familia ilipokea posho. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, na faili iliyoandikwa jina lake, kijiji chake, mke wake na watoto wake. Kwa wajukuu wa leo, faili hizo ni kama vile vitabu vya parokia ya Kiingereza.

Lakini Kenya haikuwa kambi ya kampuni. Kama Kamalondo, iliyoitwa zamani cité Albert, ilikuwa cité ya Waafrika wasiolala katika kambi: maboyi wa Wazungu, mafundi, makarani, wachuuzi, na wale waliomaliza kazi wakakataa kurudi kijijini. Kati ya cité na mji wa Wazungu Wabelgiji waliacha eneo tupu, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi. Mwaka wa 1932 cité za Élisabethville ziliwekwa chini ya utawala wa pekee ulioitwa centre extra-coutumier, maana yake mahali pasipo chini ya desturi za chifu wa kijiji. Neno hilo linaonyesha namna serikali ilivyowatazama watu hawa. Walikuwa wametoka kwao, na hapa mjini hawakuhesabiwa kuwa wenyeji.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Kenya miaka ile alikuwa na lugha moja ya kucheza nayo barabarani, nayo ni Kiswahili. Baba alisema Tshiluba, mama alisema Kibemba, jirani alisema Kisonge au Kirwanda. Kampuni ilichagua Kiswahili kwa kazi, na barabara ikakifanya kuwa lugha ya nyumba. Leo vijana wengi wa Kenya hawajui lugha ya nkambo wao. Nkambo anapoondoka, hadithi alizozijua kwa lugha hiyo zinaondoka naye.

Boyi aliyeandika kitabu

Yuko mtu mmoja ambaye hakukubali jambo hilo. Jina lake ni André Yav. Alikuwa amefanya kazi ya nyumbani kwa Wazungu. Mwaka wa 1965 alitoa, kwa niaba ya wenzake waliofanya kazi kama yeye, maandishi yaliyopigwa kwa mashine yenye jina Vocabulaire de ville de Elisabethville. Licha ya jina hilo la Kifaransa, ndani yake ni Kiswahili, Kiswahili kile kile kinachosemwa sokoni na kwenye parseli za Lubumbashi, kilichoandikwa jinsi mwandishi alivyokisikia.

Maandishi hayo si kamusi, ingawa jina lake linafanana na kamusi. Ni historia. Yanaeleza kuja kwa Wazungu, kujengwa kwa mji, vita, taabu ya kazi, na maisha ya wale waliofua, waliopika na kulea watoto wa wakubwa. Historia ya Élisabethville iliyoandikwa na Wabelgiji inasema juu ya magavana na wakurugenzi wa kampuni. Yav anaona mji kutoka mlango wa jikoni, na mlango ule unaonyesha mengi, kwa sababu boyi alisikia kila kitu na hakuna aliyejali kwamba anasikia.

Mwaka wa 1990, mtaalamu Johannes Fabian, aliyefanya utafiti mwingi Katanga, alichapisha maandishi hayo pamoja na tafsiri na maelezo. Leo maneno ya Yav yanaweza kusomwa bure kwenye intaneti.

Yav hakuwa peke yake. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka wa 1947, alichora katika miaka ya 1970 historia nzima ya inchi, picha zaidi ya 100, kutoka wakati wa bankambo mpaka wakati wa Mobutu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuonekana tena. Mwaka wa 2000, wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Bogumil Jewsiewicki walianzisha pamoja na wenzao kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi. Wakaaji wa kawaida walisimulia maisha yao na kuleta vitu vya nyumbani, na maonyesho yakafanywa katika jumba la makumbusho la mji. Kitabu kimoja kilichotoka katika kazi hiyo kina jina la Kiswahili: Ukumbusho.

Jambo moja ambalo kazi za namna hii zimelinda ni kumbukumbu ya mwezi wa Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, wakidai mshahara. Siku ya tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi, na askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Kwa miaka mingi habari hiyo ilisemwa kwa sauti ya chini tu, baba kwa mtoto.

Jina moja, karatasi tatu

Anayeanza kutafuta historia ya jamaa yake Kenya anakutana mara moja na tatizo la majina.

Uingereza, jina la jamaa linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, kizazi kwa kizazi. Hapa, mtoto mara nyingi anapewa jina la nkambo, la shangazi, au la rafiki aliyesaidia siku ya taabu. Ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana. Kwa upande mwingine, jina linabeba habari. Mbuyi na Kabanga, kwa Waluba wa Kasai, ni mapacha. Jina linalorudi kila baada ya kizazi kimoja linaonyesha ni nkambo gani familia ilitaka kumkumbuka.

Halafu ikaja siasa. Mwaka wa 1972, Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Joseph aliyeandikwa katika kitabu cha ubatizo mwaka wa 1948 anaweza kuwa na karatasi ya kazi ya 1975 ambayo Joseph haimo kabisa, na jina jipya limeongezwa mwishoni. Miaka ya 1990 Joseph akarudi. Mtu ni yule yule, lakini karatasi zinasema watu watatu.

Majina ya mahali pia yalibadilika. Élisabethville ikawa Lubumbashi mwaka wa 1966, na Jadotville ikawa Likasi. Katanga ikawa Shaba mwaka wa 1971, ikarudi Katanga mwaka wa 1997, na tangu 2015 mji uko katika jimbo la Haut-Katanga. Union Minière ilichukuliwa na serikali mwaka wa 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Kijana anayetafuta faili ya babu yake anapaswa kujua majina yote hayo, la sivyo atapita mbele ya karatasi yake bila kuitambua.

Na karatasi zenyewe zimeteswa. Zimeliwa na mchwa, zimenyeshewa, zimeungua, zimeporwa wakati wa vurugu ya 1991. Katika nyumba nyingi kinachobaki ni kasha moja la bati chini ya kitanda: buku ya kazi, picha moja ya harusi, kadi ya ubatizo, risiti ya parseli.

"Kwenu ni wapi?"

Kuna mtu atakayeuliza: faida ya mambo haya ni nini, wakati bei ya unga inapanda kila siku? Historia ya Katanga inajibu kwa ukali.

Mwezi wa Desemba 1957, wakaaji wa Élisabethville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua viongozi wa komini. Waliochaguliwa kuongoza komini za Waafrika walikuwa watu wa asili ya majimbo mengine. Mwaka uliofuata, chama cha Conakat kikaundwa, kikisema kinatetea Wakatanga wa asili. Swali la "nani ni wa hapa" likaingia katika siasa na halijatoka mpaka leo.

Wakati Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, kutoka Julai 1960 mpaka Januari 1963, watu wa asili ya Kiluba walikimbia nyumba zao katika komini za mji. Mwaka wa 1961 makumi ya maelfu waliishi katika kambi chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, na wengi wakasafirishwa mbali mwaka uliofuata. Miaka 30 baadaye jambo likarudi. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Shaba, zaidi sana Likasi na Kolwezi. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengi walingoja treni majuma na majuma kwenye vituo, na watoto wakafa pale kwa njaa na magonjwa. Wengi kati yao walikuwa wamezaliwa Katanga, na wazazi wao pia. Waliambiwa warudi "kwao", mahali ambapo hawakuwahi kufika.

Swali hilo halikuwahi kuwa swali la historia kweli. Aliyefukuza hakufungua kitabu cha ubatizo. Lakini familia inayojua hadithi yake inaweza kuwaambia watoto jambo la kweli: nkambo wenu alifika kwa treni mwaka fulani, alijenga nyumba hii, aliwazika watoto wawili katika makaburi ya mji huu, alioa mwanamke wa Luapula. Katika parseli nyingi za Kenya, anayefuata jamaa yake nyuma kwa vizazi vinne anakuta makabila matatu au manne ndani ya damu moja. Ni vigumu kumchukia jirani kwa asili yake unapojua kwamba asili hiyo iko pia kwa mama mzaa baba yako.

Siku ya kugawana parseli

Historia ya familia inahitajika pia mahali pengine, na hapo haisubiri: siku ya kugawana urithi.

Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali. Robo inayobaki ni ya mjane au mume aliyebaki, ya wazazi, na ya ndugu wa marehemu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kama baba alimtambua, ana haki sawa na wengine. Kwa maneno ni rahisi. Lakini katika parseli ambamo nkambo alioa mara mbili, akawa na mtoto kijijini kabla ya kuja mjini, na akalea watoto wa ndugu yake kama wake mwenyewe, nani ni mtoto na nani si mtoto?

Jibu liko kwa mzee mmoja au mama mmoja anayekumbuka. Akiondoka bila kusema mbele ya wote, kinachobaki ni ugomvi. Parseli inauzwa kwa siri na mmoja, mwingine anakwenda tribinali, na ndugu wanaacha kusalimiana. Mali iliyojengwa kwa miaka 30 ya posho na mshahara mdogo inaisha kwa bei ya kulipa maavoka.

Kuna pia watoto ambao serikali ya kikoloni yenyewe iliwakata na jamaa zao. Watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walichukuliwa kwa mama zao na kupelekwa kwa wamisionari. Mwezi wa Aprili 2019, waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha. Mwezi wa Desemba 2024, korti ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba jambo walilofanyiwa wanawake watano kati yao lilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hifadhi za serikali ya Ubelgiji sasa zinasaidia watu hao kutafuta majina ya wazazi wao. Baadhi yao walifikia uzee bila kujua mama yao alizikwa wapi.

Pa kuanzia

Anayetaka kuanza hahitaji kwenda Ulaya. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba mlango wa kwanza ni mtu aliye hai aliye mzee kuliko wote katika jamaa, na siku nzuri ya kumuuliza si siku ya kilio. Simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti yake. Ni vizuri kumwacha aseme kwa lugha yake mwenyewe, hata kama kijana haielewi, maana tafsiri inaweza kungoja lakini mzee hawezi. Maswali yanayofungua kinywa ni yale madogo: nyumba ya kwanza ilikuwa avenue gani, nani alikupokea stesheni, posho ya juma ilikuwa na nini, nani alikupa jina lako.

Mlango wa pili ni kasha. Kila karatasi ipigwe picha mbele na nyuma, na kila picha ya zamani iandikwe nyuma yake majina ya watu wanaoonekana. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua picha za wafanyakazi wa zamani katika hifadhi za kampuni na kuziweka juu ya picha za mitambo iliyoharibika leo. Kazi yake inajulikana duniani. Wanaume wanaosimama katika picha hizo wanatutazama moja kwa moja, lakini anayewatazama leo hawezi kusema majina yao.

Mlango wa tatu ni parokia. Wabenediktini walifika na mji wenyewe, Wamethodisti nao hawakukawia, na vitabu vya ubatizo na ndoa vinataja wazazi, wasimamizi na mara nyingi kijiji cha asili. Mlango wa nne ni kazi: karatasi za Gécamines na za reli, na za wale waliotoka kazini katika mpango wa mwaka wa 2003, wakati zaidi ya wafanyakazi 10 000 wa Gécamines walipoondoka kwa mara moja. Karatasi nyingi za Union Minière ziko Brussels, katika hifadhi za serikali.

Na ile karatasi ya kilio, iliyosomwa mbele ya watu wote, isitupwe. Nakala moja ibaki ndani ya kasha, nyingine ipewe mtoto wa kila tumbo. Aliyeiandika aliuliza wazee usiku kucha ili kupata mwaka mmoja au jina moja. Siku ya kilio kingine katika parseli ile, anayefuata hatalazimika kuanza upya.